Rithi, Ridhi

Kidato cha pili B, Igoma, saa nne na nusu,
mawe ya nje yameshapata moto kama vikaango.
Naandika ubaoni: RITHI.
Nyambueni, nasema, napangusa chaki kwenye sketi.

Kitenzi hiki ni cha mkopo, nawaambia.
Tazameni mwisho wake, hakiishii na a
kama lima, kama pika, kama zika.
Kilikuja na wageni, wageni wakaondoka, kikabaki.
Kwilasa wa dawati la nyuma ananyoosha kidole:
"Mwalimu, kwa hiyo neno la kurithi
hatukulirithi?"
Darasa linacheka. Nami nacheka, nimechelewa kidogo.

Rithiwa, anasema Ng'washi. Kauli ya kutendwa.
Toa mfano.
"Shamba lilirithiwa."
Sahihi.
Simwambii kwamba arobaini ya baba haijafika
baba mdogo Lugwisha alitukuta Kisesa, shati jipya,
mikunjo ya dukani bado imo,
akakalia kiti cha marehemu,
akataja ng'ombe, akataja mashine ya kusaga, akataja mama,
kwa pumzi moja,
kana kwamba wote ni wa ngeli moja.

Mama alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo.
Hakuinua kichwa. Akasema, sijaridhi.
Sasa, kwa baba mdogo, dh na th
ni ndugu wa tumbo moja, hajawahi kuwatenga,
akasikia sijarithi, akamfariji:
"Utarithi, shemeji, usiwe na haraka."
Mama akaokota kijiwe kati ya dagaa,
akakitazama, akakitupa uani.
Akarudia kwa Kisukuma, polepole,
na baba mdogo akatafuta kofia yake.

Rithisha! Mikono mingi. Kutendesha wanakujua.
Daktari wa Bugando alilitamka akiwa anaandika:
wazazi humrithisha mtoto, nusu huku, nusu huku.
Selimundu.
Sayi alikuwa na miaka miwili, analia akishika magoti,
na sisi, mimi na baba yake, tumekaa kwenye benchi
kama watu walioitwa kwa wizi wasioukumbuka.
Hatukujua tuna nini mpaka tulipokuwa tumeshagawa.
Na kugawa kwenyewe hakukutupunguzia kitu.

Mahakama ya mwanzo ilikuwa na neno lake, mirathi,
lenye ada, lenye nakala tatu na muhtasari wa kikao cha ukoo.
Karani akauliza, marehemu ameacha nini?
Mashine moja, mbovu.
Deni la bati ishirini, zilizokopwa Mabatini.
Ng'ombe wanne, watatu wakiwa tayari kwa Lugwisha.
Sikutaja ile namna ya kukohoa kabla ya kusema kweli.
Hiyo naisikia siku hizi kooni mwangu,
wanafunzi huinyamazia.

"Rithiana," anasema Kwilasa. "Kauli ya kutendana. Ila mwalimu,
wanarithianaje? Si mpaka mmoja afe?"
Nafungua mdomo.
Upepo wa ziwa unapita dirishani,
una harufu ya magugumaji yaliyooza huko Igombe,
mali isiyo na mwenyewe, inayozaana tu.
Nasema, tutaona kipindi kijacho.

Kengele. Madaftari thelathini na nane mezani.
Tunga sentensi moja kwa kutumia kitenzi rithi.
Wengi wamerithi mashamba. Mmoja kairithi treni, sijui vipi.
Ng'washi, kwa mwandiko wake uliolala:
Mimi nimeridhi jina la dada yangu aliyefariki.

Kosa la tahajia. Dh badala ya th.
Kalamu nyekundu imeshafika juu ya neno,
wino umeshadondosha nukta moja kando yake.
Nakohoa.
Naligeuza daftari kifudifudi,
nachukua la Kwilasa.